Njia ya utumbo na ini

Wataalamu wa tiba wana istilahi inayoufunga utumbo na ini pamoja, na wanaoiandika kwa Kiswahili hupenda kusema "mhimili wa utumbo na ini". Mimi sikubaliani nao. Mtanzania akisikia mhimili huwaza Bunge, Serikali na Mahakama, kila mmoja umesimama mahali pake, ilhali hapa inazungumzwa damu inayotembea. Afadhali tuseme "njia".

Njia yenyewe ni vena ya lango. Hukusanya damu ya utumbo na bandama na kuipitisha kwenye ini kabla haijafika moyoni; takriban robo tatu ya damu iingiayo kwenye ini hupita humo. Hubeba chakula kilichosagwa, pamoja na mabaki ya bakteria wa utumbo. Ukuta wa utumbo ukiwa mzima, yanayopenya ni machache na ini huyachuja. Ukichubuka, kama kwa mwenye vidonda sugu vya utumbo mpana, hupenya kwa wingi. Ini nalo hurudisha nyongo utumboni, bakteria wakaibadili, sehemu yake ikafyonzwa tena. Ni njia ya kwenda na kurudi.

Kanda ya Ziwa inalieleza jambo hili vizuri. Shinyanga, penye majaruba ya mpunga na malambo, kichocho kilichozoeleka ni cha mkojo: minyoo hukaa kwenye vena za kibofu, ambazo damu yake haipitii vena ya lango, na ini kwa kawaida husalimika. Geita, kandokando ya Ziwa Victoria, kwa wavuvi na wafuao nguo ziwani, kimetawala kichocho cha tumbo. Minyoo wake hukaa kwenye vena za utumbo. Jike hutaga mayai hadi 300 kwa siku. Mengine huchubua ukuta wa utumbo yakitoka na choo, mengine husombwa na damu, yakakwama kwenye ini, na makovu yakajengeka kuzunguka matawi ya vena ya lango. Shinikizo hupanda, bandama huvimba, mishipa ya umio hutanuka, na siku moja mtu anatapika damu. Chembe za ini mara nyingi bado zinafanya kazi, hata macho hayana manjano. Kilichozibwa ni njia.

Bakteria nao hudandia humo. Salmonela huweza kujishikiza kwenye minyoo hao na kuikwepa dawa, homa ikarudi kila dozi inapokwisha, mpaka mgonjwa apewe na prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo wenyewe.