Njia za Wavuvi wa Newfoundland
Anayetembea leo kando ya bahari kutoka Topsail Beach hadi Cappahayden, katika kisiwa cha Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada, huambiwa kuwa yuko kwenye East Coast Trail, njia ya miguu ya kilomita 336 iliyochongwa na watu wa kujitolea. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya njia hii ilikuwa na wenyewe kabla yetu sisi tunaoifyeka Jumamosi za kiangazi.

Wenyewe walikuwa wavuvi wa chewa wa maji baridi. Mashua za Ulaya zilianza kumfuata samaki huyo huku katika karne ya 16, na waliolowea walijenga vijiji popote palipopatikana hori la kutia mashua. Samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa kwenye chanja kama ng'onda wa kwetu Tanga, kisha akauzwa Ureno, Hispania na visiwa vya Karibi. Barabara hazikuwepo. Watu waliendeana kwa mashua, na bahari ikichafuka walipita vinjia vya msituni, vilevile walivyozoea kukatia kuni na kuchumia matunda ya porini.

Baada ya Newfoundland kujiunga na Kanada mwaka 1949, magari yalizidi na serikali ikawashawishi watu wa vijiji vidogo wahamie vikubwa. Vinjia vikakosa nyayo. Pigo la mwisho lilikuja Julai 1992: chewa walikuwa wamevuliwa hadi karibu kwisha, serikali ikapiga marufuku uvuvi wao, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Miaka miwili baadaye kilianzishwa chama cha kuzifufua njia hizi. Kwangu mimi tarehe hizo mbili hazitengani. Pwani iliyopoteza kazi yake ilihitaji mtu wa kuikumbuka kwa mikono.

Na kazi ni ya mikono hasa. Mgeni huanza na miti, kwa kuwa ndiyo anayoiona: misonobari mifupi iliyolazwa na upepo, matawi yamesukana hata hupitishi mkono. Mzoefu hutazama maji kwanza. Udongo huku ni mwembamba juu ya mwamba, kwa hiyo mvua ikishaipata njia huigeuza kijito, na wapitaji wakikwepa matope hukanyaga pembeni na kuipanua. Tunatafuta mahali maji yanapoingilia, tunachimba mfereji wa mshazari, tunalaza jiwe au gogo upande wa chini, kisha tunangoja mvua itupe majibu. Wembamba huo wa udongo huiponza pia miti, kwa sababu mizizi haiendi chini. Kimbunga Igor kilipopiga Septemba 2010, magogo yalilala juu ya njia na misumeno ikapata kazi ya kutosha.

La Manche ndipo ninapopapenda zaidi. Kilikuwa kijiji kwenye kingo mbili za mlango wa mto, na daraja la kuning'inia likiziunganisha. Januari 1966 dhoruba ilizoa chanja, mabohari, mashua na daraja lenyewe. Hakufa mtu, lakini wakazi walihama. Misingi ya nyumba zao bado ipo kwenye mteremko, na mwaka 1999 chama kilijenga daraja jipya la kuning'inia palepale.

Wapitaji wengi hupiga picha darajani na kuendelea. Naamini misingi ile inastahili kupaliliwa sawasawa na njia, na nimelisema hilo mbele ya wenzangu. Kila kiangazi hukutana pale na watu wazima waliokuja kutafuta mlango wa nyumba ya bibi yao, wakipapasa vichakani kwa fimbo. Saa moja ya panga ingetosha kuwaonyesha.