Fegi, shisha na vepu: zinafanya nini mwilini, na unaachaje?

Wadau, mada ya leo ni moshi. Siku hizi vijana wengi hawajihesabu kuwa wavutaji. Utasikia "mimi navuta moja moja tu nikiwa na washkaji", au "shisha ina maji bwana, haina noma". Haya, tuzipime hizo hoja moja moja.

NIKOTINI INAVYOKUSHIKA
Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi. Unajisikia poa. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, na hapo arosto inaanza: hasira za bure, kichwa kizito, akili haitulii. Kwa hiyo ile sigara "inayoondoa mawazo" mara nyingi inatuliza tu arosto iliyoachwa na sigara iliyotangulia.

Nikotini inakufunga, lakini anayeua ni moshi. Una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinasababisha saratani. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta kabisa ila wanakaa na wavutaji.

"MOJA TU KWA SIKU"
Wengi wanadhani anayevuta moja ana asilimia 5 tu ya hatari ya anayevuta 20. Kwa moyo sivyo. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvuta 20. Kupunguza ni mwanzo mzuri, ila usiishie hapo.

SHISHA
Maji yanapooza moshi, hayausafishi. Kwa kuwa umepoa, unavuta ndani zaidi na kwa muda mrefu. Halafu kuna mkaa, unaotoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ndiyo maana wengine wanapata kizunguzungu wakidhani ni stimu. Na mrija ule mnaopokezana unaweza kupitisha magonjwa. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata mwaka 2017.

VEPU
Tuseme ukweli: vepu haichomi tumbaku, hivyo sumu zake kwa kawaida ni chache kuliko za sigara. Lakini chache si sifuri. Nyingi zina nikotini, na ubongo wa kijana bado unakua mpaka kwenye miaka 25, kwa hiyo unanasa haraka. Mwaka 2019 huko Marekani watu zaidi ya 2,000 walilazwa kwa kuumia mapafu, na makumi wakafariki. Wengi walikuwa wametumia vimiminika vya bangi vya mtaani vilivyochanganywa na mafuta ya vitamini E. Kama huvuti, usianze.

JINSI YA KUACHA
1. Panga tarehe, ndani ya wiki mbili. Mwambie mtu atakayekuuliza umefikia wapi.
2. Jua kinachokuchokoza: chai, bia, kijiwe, stresi. Wiki za kwanza vikwepe.
3. Hamu ikija, subiri dakika 5. Kunywa maji, tembea, tafuna kitu. Hamu hupanda, kisha hushuka yenyewe.
4. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu. Arosto nyingi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne.
5. Ukishindwa peke yako, muone daktari au mfamasia. Kuna bazoka na plasta za nikotini, na vidonge pia, ingawa si kila duka la dawa linavyo.
6. Ukiteleza ukavuta moja, usinunue pakiti. Endelea pale ulipoishia. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja.

FAIDA
Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua karibu nusu. Na madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 kuanzia 1951 walionyesha kuwa anayeacha akiwa na miaka 30 hivi anaokoa karibu miaka 10 ya maisha. Anayeacha na 60 anaokoa kama mitatu. Kwa hiyo mzee nyumbani naye hajachelewa, mfikishie.

Aliyefanikiwa kuacha atuambie hapo chini alitumia mbinu gani. Kuna mdau anaihitaji leo.