Mji wa Kirumi Kando ya Mkondoa

Wakati wa likizo ya chuo nalikuwa Kilosa nyumbani kwa dada yangu, na jioni moja nalimkuta mpwa wangu ameinama mbele ya kompyuta kuukuu akijenga mji wa Kirumi. Mchezo wenyewe waitwa Caesar III, nao ulitolewa mwaka 1998. Mchezaji hupewa cheo cha liwali wa jimbo, fedha kidogo za hazina na ardhi, kisha huamriwa ajenge. Nia yangu ilikuwa kuutazama kwa dakika tano, kwani sisi wa makamo tu wepesi wa kudharau tusiyoyajua. Nikakaa mpaka chakula cha usiku kikaandaliwa.

Kilichonizuia ni hema. Katika mchezo huo wahamiaji wa kwanza hukaa katika mahema. Liwali akiwapatia maji, soko na chakula, hema hugeuka kibanda, kibanda hugeuka nyumba, na nyumba ya wenye mali, baada ya shida nyingi, hugeuka kasri. Maji yenyewe hutoka mtoni, hupita juu ya mfereji wa matao, hata yakafika katika chemchemi za mitaani. Yakikatika, nyumba hurudi nyuma daraja kwa daraja mpaka ikawa hema tena. Dada yangu alikuwa karibu yetu akipepeta mchele. Aliposikia maelezo hayo alisema, "Kaka, sisi hapa tulirudishwa kwenye hema kwa kuzidiwa na maji, si kwa kuyakosa."

Alikuwa akisema habari ya mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010, mto Mkondoa ulipobomoa tuta lililokuwa likiukinga mji. Maelfu ya watu walipoteza makazi, wakaishi katika kambi za mahema. Reli ya kati ikasombwa, na safari za treni zikasimama kwa miezi. Dada yangu ni mmoja wa waliolala turubaini. Nyumba aliyoijenga baadaye i mahali palepale pa zamani, naye hapendi kuulizwa kwa nini.

Yafaa tuulize, hata hivyo, kwa nini mji u mahali pale. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia kabla ya kuwa mji. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ugogo na Unyamwezi ililifuata bonde hilo kupenya milima ya Usagara. Stanley alipita humo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani akikusanya hati za mikataba, na mwaka uliofuata mfalme wa Ujerumani akazitia nguvu kwa hati yake. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Dodoma mwaka 1910. Wahandisi waliufuata mto kwa sababu ileile ya wapagazi: mto ulikwisha kupasua milima, na atafutaye njia nyepesi hufuata iliyokwisha kupasuliwa. Basi mji ulikaa pale kwa sababu ya mto, na kwa sababu ya mto huohuo ukawa haukai salama.

Hapa ndipo mchezo ule, kwa werevu wake wote, unaponiacha na kiu. Mto wake hauna mahali utokako. Unaingia pembeni mwa ramani na kutoka upande wa pili, haupandi wala haushuki, wala hakuna watu walio juu yake. Mkondoa si hivyo. Maji yake mengi huletwa na mto Kinyasungwe kutoka nchi kavu ya Dodoma, na mvua ikinyesha huko juu ya ardhi iliyopoteza miti yake, Kilosa hupokea mchanga na gharika ya mvua isiyonyesha kwake. Hapana liwali wa Kilosa awezaye kuyamaliza hayo kwa kujenga ndani ya Kilosa.

Warumi wa kweli waliyajua haya. Mwaka 15 baada ya Kristo mto Tiber ulifurika ukaingia Rumi. Kaisari Tiberius akawaagiza Ateius Capito na Lucius Arruntius watafute dawa, nao wakatoa shauri kwamba mito na maziwa yanayoujaza Tiber yageuziwe njia. Mwanahistoria Tacitus ametuhifadhia yaliyotokea. Wajumbe wa miji ya juu walikwenda mbele ya Seneti. Watu wa Florentia walisihi kwamba mto Clanis usielekezwe katika Arno, usije ukawaangamiza. Watu wa Interamna walisema kuutawanya mto Nar katika vijito kungezamisha mashamba bora ya Italia. Watu wa Reate walikataa ziwa la Velinus lisizibiwe mlango wake, wakaongeza kwamba wazee wao waliiwekea mito ibada na misitu mitakatifu. Hoja hii ya mwisho mzee yeyote wa Usagara angeielewa bila mkalimani. Seneti ilifuata rai ya Piso, kwamba lisigeuzwe lolote.

Yamkini Seneti ilikosea, maana Rumi iliendelea kufurika kwa karne nyingi. Lakini mji uliotawala dunia uliwasikiliza watu wa vijiji vya juu ya mto kabla ya kuamua habari ya maji yake. Nalimwuliza mpwa wangu ni wapi katika mchezo wajumbe wanapokuja kukataa. Akanijibu, "Mjomba, watu wakichukia wanahama tu."

Jibu hilo lilinikumbusha Mikumi, ambako nalipita siku chache baadaye nikirudi kazini. Mikumi ni kinyume cha Kilosa: haukulelewa na mto bali na njia. Tawi la reli kutoka Kilosa lilipita hapo likafika Kidatu mwaka 1965. Na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia ilizidi thamani baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka huohuo. Katika mchezo, nyumba iliyo mbali na njia haikaliwi kabisa, kwa kuwa muuza soko na mzima moto hupita barabarani tu. Atakaye kuona kanuni hiyo kwa macho na akae Mikumi jioni moja: nyumba za wageni, wachoma nyama na wauza matunda wote wameuelekeza uso kwenye malori. Na upande wa pili ni hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Huko twiga na punda milia ndio wenye mji, na kalamu iliyochora mpaka wake kwenye ramani haikuwa mikononi mwa wanakijiji wa kandokando. (Punda milia wamo pia katika ramani za Afrika za mchezo ule, huziba viwanja, na mjenzi hana budi kungoja wasogee.)

Si haki kusema kwamba watunzi wa mchezo wamewasahau wenyeji kabisa. Katika ramani kadhaa vipo vibanda vya watu waliokuwako kabla ya liwali, na mashamba yao. Akijenga karibu nao, hushika silaha. Akiweka kituo cha kuwapatanisha, hutulia na kufanya biashara. Lakini majina hawana. Usiku ule wa Kilosa mpwa wangu aliupanua mji wake mpaka kwenye vibanda hivyo, akapigana, akashinda, akatandika barabara juu yake. Mama yake alikuwa amekwisha kuupeleka mchele jikoni, akarudi akasimama nyuma yetu.

"Na wale waliokuwa hapa," akauliza, akionyesha kwa kidole, "wamepewa hema wapi?"

Kijana alirudisha ramani nyuma, akatafuta huku na huku kwa muda, kisha akasema hawaonekani.