RAV4, Escudo ao X-Trail? Historia ya bei ya jipe ndogo kwenye njia ya Lubondja



Kila mara mmoja wetu anapopata kazi ya kwanza ao anapofikiwa na zamu yake ya likirimba, mabishano yale yale yanarudi. Mtu ana dola elfu tano ao sita, anunue jipe gani ndogo? Huyu anasema RAV4. Yule anasema Escudo, ju inapanda mlima. Mwingine ameona X-Trail nzuri na bei yake iko chini. Tunalinganisha moteri, rangi na viti mpaka usiku. Mimi nilisoma historia, si ufundi wa magari, na naona kuna swali moja tunalisahau: siku utataka kuiuzisha, nani atainunua, na kwa bei gani?

Swali hilo si la matajiri. Kwa kijana wa Lubondja, gari ni ng'ombe za baba, shamba la mama na mishahara ya miaka kadhaa, vyote vimewekwa juu ya magurudumu manne. Hatuna nyumba ya kupangisha mjini wala akiba benki. Bei ya kuuzisha tena ndiyo akiba yenyewe. Na hiyo bei haikuanguka toka mbinguni, ina historia yake.

Tuanze na jipe kubwa. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Toyota ikatoa jipe yake BJ mwaka 1951, na mwaka 1954 ikaipa jina la Land Cruiser. Hizo zilikuwa gari za serikali, jeshi, misioni na makampuni, yaani watu wenye garaje yao na stoki yao ya piyesi. Kwetu tuliziona sana kuanzia 2005, wakati UNHCR ilianza kurudisha wakimbizi toka Kigoma mpaka Baraka kwa meli, na mashirika yakafuata. Wengi wetu tulijifunza neno "katre-katre" kwa kuziangalia zinapita. Lakini shirika likinunua gari haliwazi kama kijana anayenunua moja. Likiharibika, gari lingine linatumwa. Kuiga uchaguzi wao bila kuwa na garaje yao ni hesabu ya mtu mwingine.

Jipe ndogo ina ukoo wake. Mwaka 1970 Suzuki ilitoa LJ10, mama ya Jimny, yenye moteri ya cc 359 tu. Mwaka 1988 ikaja Escudo, ambayo Ulaya inaitwa Vitara. Ile ya kwanza ilibaki jipe ya kweli: mwili umekaa juu ya shasi, na kuna vitesi vizito vya kupandia mlima. Mwaka 1994 Toyota ikabadilisha mchezo kwa RAV4. Hii haikuwa na shasi ya peke yake, ilijengwa kama gari ndogo ya mjini, ikanyanyuliwa kidogo, ikapewa nguvu kwa magurudumu manne. Wengine wakafuata: Honda CR-V 1995, Subaru Forester 1997, Nissan X-Trail 2000. Zilitengenezwa kwa familia ya mjini inayotaka kutembea Jumapili. Hakuna aliyezichora akiwaza udongo mwekundu wa kupanda Lubondja mwezi wa nne.

Sasa zilifikaje kwetu? Japani, tangu sheria ya 1951, gari lazima lipite ukaguzi. Siku hizi gari jipya la kutembelea linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Kwa hiyo Mjapani wengi anaachana na gari ambalo bado ni zima, na gari za okazyo zinajaa bandarini. Nyingi zinashuka Dar es Salaam. Toka pale, njia ni ile ya zamani: reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo bidhaa za pwani zinatafuta ziwa letu. Piyesi zinavuka toka Kigoma kwa boti, ao zinapitia Bujumbura na Kavimvira mpaka Uvira, kisha Makobola, Mboko, Baraka. Kila hatua inaongeza pesa: duane, usafiri, mkono wa mtu.

Hapa ndipo bei ya kuuzisha inazaliwa. Gari inashika bei kama piyesi yake inapatikana kwenye hiyo njia, na kama fundi wa Baraka ameshaifungua mara mia. Angalia RAV4 ya kwanza, ile ya 1994 mpaka 2000. Moteri yake ya 3S ni ndugu ya moteri za Carina, Ipsum na Noah za miaka ile. Kila teksi ya Noah inayokufa inaacha urizi kwa RAV4. Mnunuzi anajua hilo hata kama hajui namba ya moteri. Anachojua ni kwamba gari hii haitalala garaje miezi mbili.

Lakini tusidanganywe na jina. RAV4 iliyofuata, ile ya kuanzia 2000, kwa soko la Japani ilipata moteri ya lita 2 inayopiga esanse moja kwa moja ndani ya silinda. Moteri hiyo inataka esanse safi. Sisi tunanunua esanse ya bidoni kando ya njia, wakati mwingine yenye maji. Vilevile X-Trail: ile ya kwanza ni gari moja, ile ya 2007 yenye vitesi vya CVT ni gari nyingine, inayotaka mafuta yake maalumu na fundi aliyeizoea. Jina ni lile lile, bei ya kuuzisha si ile ile. Anayenunua jina tu ameuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Jambo la pili ni volani. Japani na Tanzania wanatembea upande wa kushoto, kwa hiyo volani iko kuume. Sisi, Burundi na Rwanda tunatembea kuume, urizi wa Wabelgiji. Shofere wa volani ya kuume akitaka kupita lori, haoni mbele mpaka ametoa nusu ya gari. Rwanda ilikataza kuingiza gari hizo mwaka 2005. Kinshasa nayo, katika miaka ya 2010, ilitoa amri dhidi ya volani ya kuume na dhidi ya gari zilizopita miaka 10. Tunajua amri inavyochelewa kufika Fizi. Ila ukinunua gari leo, unanunua pia hatari ya kwamba siku moja amri itafika kabla ya mnunuzi wako. Ndiyo maana gari ya volani ya kushoto yenye makaratasi kamili ya duane inaweza kuwa ghali kuinunua, na bado ikakupotezea kidogo.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba ni za kufundishia tu. Gari A unainunua dola 6.000, baada ya miaka 3 unaiuzisha 4.200. Gari B unainunua 4.500, unaiuzisha 1.500. Siku ya kununua, B imekuokolea 1.500. Siku ya kuuzisha, A imekugharimu 1.800 na B imekugharimu 3.000. Ongeza sasa siku ambazo B ilingojea piyesi toka Dar, bila abiria, bila mizigo ya mihogo na maharage ya soko. Ile iliyoitwa ya bei rahisi ndiyo imekula shamba la mama.

Na kuna fundisho ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya kuhusu magari. Katika vita vya 1996 na 1998 wazazi wetu walivuka ziwa, na ndiyo sababu wengi wetu tulizaliwa Nyarugusu ao Lugufu. Waliovuka walipanda mitumbwi na watoto na masufuria. Gari haipandi mtumbwi. Kwetu bei ya kuuzisha maana yake ni pia hii: unaweza kuigeuza kuwa pesa kwa haraka gani, kama siku mbaya inakuja? Gari ambayo watu kumi wa Baraka wanaitaka inauzika kwa wiki moja. Gari ya ajabu, hata iwe nzuri namna gani, inauzika kwa kumbembeleza mtu.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kulinganisha rangi, fanya kazi ya mwanahistoria. Hesabu gari za aina hiyo zinazotembea Baraka na Fizi, si zile za kwenye simu. Uliza mafundi watatu, kila mmoja peke yake, piyesi gani inakufa kwanza na inatoka wapi. Soma mwaka na namba ya moteri, si jina tu. Angalia makaratasi ya duane yote. Na uliza njia yako: kama kazi yako ni Uvira na Baraka, RAV4 inakutosha, kama kila wiki unapanda Lubondja wakati wa mvua, Escudo ya zamani yenye shasi ina sababu ya kuishi, hata kama viti vyake vimechanika.

Mnunuzi wa pili wa gari yako tayari yuko njiani, na yeye atauliza maswali haya yote. Afazali uyaulize wewe wa kwanza, pesa zikiwa bado mfukoni mwako.