Kisomo cha Watu Wazima Katika Viunga vya Dar es Salaam

Historia ya kisomo cha watu wazima katika Tanzania imeandikwa zaidi kwa hesabu. Kwa sensa ya mwaka 1967, wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima. Mwaka 1970 ukaitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na baada ya mitihani ya nchi nzima ya Agosti 1975, hesabu ya wasiojua ilishuka hata asilimia 39. Jambo hilo ni kubwa, wala halistahili kubezwa. Lakini hesabu haisemi msomaji alisoma nini. Na swali hilo hutokea wazi zaidi katika viunga vya Dar es Salaam, yaani Kinondoni na Temeke.

Chimbuko la mafundisho yale lilikuwa mradi wa Mwanza, ulioendeshwa tangu 1968 hata 1972 kwa msaada wa UNESCO. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtu mzima hujifunza upesi akisoma habari za kazi yake mwenyewe. Ndiyo maana vitabu vyake vilihusu pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani. Kanuni hiyo ilikuwa njema. Ila mkazi wa Manzese au Keko hakulima pamba. Alikuwa kibarua wa kiwandani, mchukuzi wa bandarini, muuza samaki, au mama mpika vitumbua. Maandishi yaliyomkabili kila siku yalikuwa stakabadhi ya kodi ya chumba, kadi ya kliniki na tangazo la kazi. Kanuni ya Mwanza, ikifuatwa sawasawa, ingalimtaka mwalimu wa mjini aanzie hapo.

Hali ya lugha nayo ilikuwa mbali. Kandokando ya ziwa, wanafunzi wengi walizaliwa katika Kisukuma au Kihaya, hivyo walijifunza herufi na Kiswahili pamoja. Mjini Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na sokoni. Tena wako waliopitia chuoni utotoni, wakazijua herufi za Kiarabu. Mtu kama huyo alikwisha fahamu kwamba alama hubeba sauti. Alilokosa ni mwandiko mwingine tu. Kumwita mjinga wa kusoma, bila ya kumwuliza alichokwisha kujua, ni kupoteza nusu ya mtaji wa darasa.

Tofauti ya tatu ni chakula cha msomaji. Huko ziwani ilibidi gazeti la Elimu Haina Mwisho lianzishwe mwaka 1974, ili waliojua wasisahau. Dar es Salaam ilikuwa na Ngurumo hata mwaka 1976, na Uhuru tangu 1961. Kadhalika, agizo la Waziri Mkuu la mwaka 1973 juu ya elimu ya wafanyakazi lilipeleka darasa mahali pa kazi penyewe.

Baadaye MEMKWA, mpango wa vijana waliokosa shule, ulipokea wenye umri wa miaka 11 hata 18. Nao huja darasani na maandishi ya mtaani machoni mwao. Basi mtafiti wa kisomo asianze na kitabu cha mwalimu, bali na karatasi zilizomo nyumbani mwa mwanafunzi. Kwani asiyepata la kusoma baada ya mtihani hurudi alikotoka, na hesabu hubaki palepale ikimtaja miongoni mwa waliojua.