Lwiro, Mulungu, Katana: majengo ya zamani ya Kabare na historia yake

Watu wakizungumuzia majengo ya zamani ya Kivu ya Kusini, wengi wanafikiri Bukavu tu: nyumba za wakati mji ulikuwa unaitwa Costermansville, ao kanisa kubwa Notre-Dame de la Paix. Lakini mwenye kupanda gari kuelekea Kavumu na Katana, katika teritware ya Kabare, anakuta kumbukumbu zingine zenye uzito.

Lwiro

Lwiro iko zaidi ya kilometa 40 kaskazini mwa Bukavu. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, na makao yake makuu yakawekwa hapa. Jengo kubwa lilichorwa na Charles Van Nueten. Ndani yake kuna maktaba, maabara, na makusanyo ya wanyama na mimea iliyokaushwa. Leo ni CRSN-Lwiro, mali ya serikali ya Kongo. Tangu 2002, Lwiro kuna pia kituo cha kutunza sokwe walionyanganywa wawindaji na wachuuzi.

Kazi ya Lwiro inagusa kila mukaaji. Watafiti wake wanafuata mitetemeko ya ardhi. Siku ya yenga tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo karibu 6 lilipiga pande hizi; watu walikufa, nyumba na makanisa zikaharibika Bukavu na ng'ambo, Rwanda. Kuelewa ardhi yetu kunaomba kulinganisha leo na zamani. Karatasi ya zamani ikilowa mvua, haiandikwi mara ya pili.

Mulungu na Katana

Karibu na Lwiro kuna Mulungu, kituo cha kilimo cha INEAC, shirika lililoanzishwa 1933. Leo ni INERA. Hapo wanatafuta mbegu bora, zaidi sana za maharagi. Katana kuna hospitali ya FOMULAC, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji. Mpaka leo wagonjwa wanatibiwa pale.

Nani atayalinda?

Majengo haya ni ya wakati wa ukoloni, ni kweli. Lakini yako juu ya udongo wa Bushi, na wenye kubeba matofali na mawe walikuwa watu wa pale. Kwa hiyo ni urizi wao pia.

Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya mali ya utamaduni inaipa serikali nguvu ya kuandikisha na kulinda majengo kama haya. Hatari si mvua tu. Kabare watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Kiwanja cha serikali kisicho na mipaka wazi kinaliwa polepole, kipande kwa kipande. Jengo likibaki bila kiwanja, bila paa na bila mlinzi, kesho watoto watasikia jina la Lwiro tu, hawataona kitu.