Michezo ya Mezani, Sehemu ya 5: Kuchota Mwezi Chini ya Bahari

Asubuhi nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, watoto wamekula, basi tuendelee. Sehemu iliyopita tulikuwa na bao letu. Leo twende China na Japani, kwenye mchezo unaoitwa majongi.

Mimi nilifundishwa na dada mmoja Mjapani aliyekuja kujitolea hospitalini kwetu. Fikiria karata, ila badala ya karatasi una vigae vigumu, jumla 136. Wachezaji wanne. Kila mmoja anashika vigae 13, kwa zamu anachota kimoja kutoka kwenye ukuta wa vigae uliopangwa mezani, kisha anatupa kimoja. Kwa kawaida unatafuta mafungu manne ya vigae vitatu vitatu, pamoja na jozi moja. Ukikamilisha, umeshinda.

Mchezo huu ulizaliwa China karne ya 19, ukafika Japani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1924 Saburo Hirayama alifungua klabu na shule ya majongi mjini Tokyo, na watu wakaupenda kwelikweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajapani wakaupa sura yao wenyewe. Wakaweka kanuni moja ngumu: kukamilisha mafungu peke yake hakutoshi. Lazima mkono wako uwe na sifa fulani inayotambulika, wao wanaiita yaku. Bila yaku, hata vigae vikae vizuri namna gani, huruhusiwi kushinda.

Sasa hapo ndipo inapokuja habari ya kigae cha mwisho.

Vigae 14 vya ukutani huwekwa pembeni, havichotwi kwa kawaida. Ukishagawa, vinabaki vigae 70 vya kuchota. Vinapungua, vinapungua, mpaka kinabaki kimoja. Anayekichota kile cha mwisho na kushinda nacho amepata haitei raoyue. Maana yake kwa Kichina ni kuchota mwezi kutoka chini ya bahari.

Jamani, jina hili lina historia tamu. Wachina husema hivyo kwa mtu anayehangaika na jambo lisilowezekana, kama sisi tunavyosema kutwanga maji kwenye kinu. Mwezi unauona kwenye maji, lakini utauchotaje? Wacheza majongi wakachukua msemo wa kukata tamaa, wakaufanya jina la ushindi. Katika baadhi ya kanuni za zamani za Kichina, kigae hicho kilitakiwa kiwe kile chenye duara moja, maana ni mviringo kama mwezi. Japani ya leo kigae chochote kinafaa, mradi kiwe cha mwisho.

Na ukishinda kwa kigae cha mwisho kilichotupwa na mwenzako? Hiyo ni houtei raoyui, kuchota samaki chini ya mto. Vigae vinavyotupwa mezani Wajapani huviita mto.

Pointi zake sasa. Kila moja ya hizi mbili ina thamani ya hani 1 tu, kipimo kidogo kuliko vyote. Lakini usiidharau. Hani huongeza pointi karibu mara mbili kila inapozidi: mkono wa kawaida wa pointi 1,000 unakuwa 2,000, kisha 3,900, mpaka kwenye kikomo cha kwanza kinachoitwa mangani, ambacho ni 8,000, au 12,000 kwa anayeongoza mzunguko. Zaidi ya hapo, haitei yenyewe ni yaku. Mkono ambao dakika moja iliyopita haukuwa na haki ya kushinda, unaipata haki hiyo kwenye kigae cha mwisho.

Siku ya kwanza nilitaka kuvuruga vigae vyangu vilipobaki vichache ukutani. Yule dada akanishika mkono: "Subiri, dada. Umebakiza kimoja tu." Sikushinda. Ila nilijifunza kanuni nyingine. Ukuta ukiisha bila mshindi, wale waliopungukiwa kigae kimoja tu, yaani walio tempai, hupewa pointi 3,000 kutoka kwa wasio tayari. Akiwa mmoja tu, anachukua zote. Wakiwa wawili, 1,500 kila mmoja.

Nilikumbuka hilo usiku mmoja kazini. Mama alifika saa tisa usiku akivuja damu baada ya kujifungulia nyumbani. Muda ulikuwa umebaki mdogo sana. Lakini mumewe alishaongea na mtu wa bajaji tangu mimba ya miezi minane, nauli ilikuwa imetengwa, na shemeji zake wawili waliokubali mapema kutoa damu walifika nyuma yao. Yule mama alirudi nyumbani na mtoto wake. Watu wakasema ni bahati. Mimi nakwambia, kigae cha mwisho humfaa aliyebakiza kimoja. Ukiwa umepungukiwa vinne, hakikusaidii kitu. Kwa hiyo mama mjamzito, wewe na mwenzio, je, usafiri, pesa na watu wa damu mmeshapanga?

Mwisho, tahadhari. Kwa miaka mingi majongi ya Japani yalijulikana kwa kamari na moshi wa sigara. Mwaka 1988 kikaanzishwa chama cha majongi ya afya, chenye masharti matatu mezani: hakuna kuweka pesa, hakuna pombe, hakuna sigara. Wazee wengi wanacheza hivyo, wanachangamsha akili na kupata watu wa kuongea nao. Mkicheza nyumbani, chezeni hivyo.

Tukutane Sehemu ya 6. Usiku mwema, na mlale na chandarua.